Paul Bomani na Kura ya Mwaka 1965

Ndugu Mhariri amenitaka niandike habari za mtu mashuhuri wa kanda hii yetu, aliyekwisha kufariki, ambaye maisha yake yaweza kuwafaa wadogo zetu walioko shuleni hivi sasa, na kutukumbusha sisi wakongwe mambo tuliyoyasikia kwa wazee. Mwanzoni nilitaka kuandika juu ya uchaguzi wa wabunge tu. Sababu ni kwamba katika mkutano wetu uliopita niliwasikia vijana wa klabu ya mdahalo wakibishana kama mbunge aliyefanya kazi kubwa aweza kushindwa kwa kura bila ya kufanyiwa hila. Upande mmoja ulisema haiwezekani kabisa, na upande wa pili haukuwa na mfano wa kutoa. Nilikaa kimya, maana mgeni hakuitwa kusema. Lakini moyoni nilimkumbuka Paul Bomani, na nikamkumbuka mjomba wangu, ambaye ni mmoja wa wale waliomkataa. Basi makala haya yatakuwa ya Bomani na ya kura ile.

Nieleze kwanza kwa nini mtu wa Runzewe anajishughulisha na mtu wa Mwanza. Wakati wa Mkoloni, wilaya yetu ya Kahama ilikuwa katika Jimbo la Magharibi, makao yake Tabora, na wenzetu wa Geita na Shinyanga walikuwa katika Jimbo la Ziwa, makao yake Mwanza. Nilipokuwa nasoma hapa, Runzewe ilikuwa bado chini ya Kahama, Mkoa wa Shinyanga. Mwaka 1995 ikazaliwa Wilaya ya Bukombe, na mwaka 2012 tukaingizwa katika Mkoa mpya wa Geita. Mipaka imehama, watu nao wamehama. Jamaa wengi walioko Runzewe leo, akiwamo marehemu baba yangu, walitoka Usukuma kutafuta ardhi ya kulima pamba na kuchungia ng'ombe, wakaacha ndugu zao nyuma. Mjomba alikuwa mmoja wa walioachwa nyuma, upande wa Mwanza, na kila likizo ndefu nilipelekwa kwake kumsaidia shambani. Mengi ya haya niliyapata kwake tukichuma pamba. Mengine nimeyasoma baadaye.

Paul Bomani alizaliwa mwaka 1925 huko Ikizu, katika nchi ya Musoma, ambako baba yake alikuwa mhubiri wa Kanisa la Waadventista Wasabato. Kwa asili walikuwa Wasukuma. Nyumba ile ilitoa watu: mdogo wake, Mark, ndiye aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, tangu 1965. Paul mwenyewe alisoma katika shule za misheni za Nassa na Ikizu. Hakwenda Makerere wala hakuwa mtoto wa mtemi. Nalisema hilo kwa makusudi, kwa sababu katika siku zile viongozi wengi wa Kiafrika waliosikilizwa na Serikali walikuwa ama watemi ama wasomi wa shule ya Tabora. Bomani alianza kazi kama karani.

Ukarani wake wa kwanza ulikuwa hapa hapa Shinyanga, Mwadui, katika mgodi wa almasi wa Williamson. Mgodi huo ulikuwa bado mchanga, maana Dakta John Williamson aliigundua almasi ile mwaka 1940. Bomani alikuwa pale katikati ya miaka ya arobaini. Kijana wa kidato cha pili anayetamani kuondoka shuleni akachimbe dhahabu na afahamu kwamba huyu naye alikaa karibu na utajiri wa ardhini, akauona unavyopimwa na kuandikwa, kisha akaondoka kwenda kutafuta kazi iliyokuwa na mshahara mdogo na maneno mengi. Mwaka 1947 alikuwa Mwanza, katika chama cha ushirika cha wafanya biashara wa Kiafrika, akawa katibu wake.

Chama kile kilikuwa kidogo. Waafrika wenye maduka walikuwa wachache, na mali yao haikuweza kushindana na mali ya matajiri waliokuwa wakiagiza bidhaa kwa meli. Bomani akaona, na hapa ndipo nionapo akili yake, kwamba nguvu ya Mwafrika wa Jimbo la Ziwa haikuwa dukani. Ilikuwa shambani, katika pamba.

Na pamba ilikuwa na ugomvi wake, nao ulikuwa ugomvi wa mizani. Mkulima alilima, akapalilia, akachuma, mkewe na watoto wakaichambua pamba safi na kuitenga na pamba fifi, kisha akaibeba kichwani au kwa baiskeli mpaka kituo cha kununulia. Pale alimkuta karani wa mnunuzi, mtu wa mwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, na mizani yake. Mizani iliposema, imesema. Mkulima hakujua kusoma alama zake, na aliyejua hakuwa na mahali pa kushtaki. Mjomba alinieleza jinsi marehemu babu alivyokuwa akirudi nyumbani akizihesabu fedha mara tatu njiani, asiweze kukubali kwamba mzigo uliomvunja shingo ulikuwa mwepesi kiasi kile.

Hawa wakulima hawakumngoja Bomani awafundishe. Hili lazima lisemwe, maana tumezoea kuandika habari za mkubwa kana kwamba wadogo walikuwa wamelala. Mnamo mwaka 1950 hivi, wakulima wa Ukerewe na wa Uzinza, nchi ambayo sasa ni Geita na Sengerema, walikuwa wamekwisha kuanza kuchanga fedha, kununua mizani yao wenyewe na kuwaajiri vijana wao kupima pamba kabla haijapelekwa kwa mnunuzi. Vijana hao waliitwa wapimaji. Mkulima alifika kituoni akiwa na uzito wake mkononi, na karani wa mnunuzi akajikuta anatazamwa. Kazi ya Bomani ilikuwa kwenda kuyaona mambo hayo, kuyaelewa, na kuyapeleka kila mahali ambako hayakuwako. Alizunguka vijijini nchi nzima ya Usukuma akihutubia, na mwaka 1952 alikuwa akikiendesha chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa. Katika miaka ile ile aliongoza pia tawi la jimbo la TAA, kile chama kilichokuja kuzaa TANU.

Kisha akaenda Uingereza, 1953 na 1954, kusoma mambo ya ushirika katika chuo cha Loughborough. Aliporudi, vyama vidogo vya vijijini vikaunganishwa kuwa vyama vikubwa, na vyama vikubwa vikaungana mwaka 1955 kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo wazee bado wanalitaja kwa herufi zake, VFCU. Bomani akawa Meneja wake Mkuu, naye hajatimiza miaka 31. Shirikisho lilinunua pamba, likajenga na kununua viwanda vya kuchambulia, na kufikia mwisho wa miaka ya hamsini pamba ya Jimbo la Ziwa ilikuwa ikipita mikononi mwa ushirika wa wakulima wenyewe. Watu walikuja kutoka nchi za mbali kuutazama. Ulihesabiwa kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika vya Waafrika katika bara zima.

Mjomba alijiunga na chama cha msingi cha kijijini kwao mwanzoni kabisa. Alisema siku mizani ya chama ilipotundikwa mara ya kwanza watu walicheza ngoma, na mzee mmoja akajitundika mwenyewe ili aone kama ni ya kweli.

Sasa tuje kwenye siasa, kwa kuwa hapo ndipo vijana wetu wa mdahalo walipopotea njia. Tangu mwishoni mwa 1954 Serikali ya Mkoloni iliizuia TANU kufanya kazi katika wilaya za Usukuma. Zuio hilo lilidumu mpaka 1958. Kwa miaka ile yote, mtu wa Maswa, Kwimba au Geita hakuwa na chama cha siasa cha halali. Alikuwa na chama cha pamba. Bomani akachagua kuushikilia ushirika na kuuweka mbali na ugomvi wa wazi na Serikali, na Gavana akamteua kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Walikuwako wanasiasa vijana waliomlaumu kwa hayo. Walimwona kuwa mpole mno, mtu anayekaa meza moja na wale wanaowafunga wenzake. Mimi naona walikuwa na haki ya kulaumu, na naye alikuwa na haki ya kutochoma ghala lililojaa pamba ya watu. Lakini doa hilo lilibaki, na yafaa tulikumbuke tutakapofika 1965.

Mwaka 1958 Serikali ilitaka kuwawekea watu wa Geita baraza la wilaya la mataifa yote, yaani Waafrika, Wahindi na Wazungu wakae pamoja kwa viti walivyopangiwa. Watu wa Geita walikataa. Wengine waweza kushangaa leo kwa nini. Sababu yenyewe ni kwamba Wazungu na Wahindi wa wilaya ile walihesabika kwa vidole, na kuwapa viti vya kupangwa ilikuwa ni kuwaambia wengi kwamba wingi wao si kitu. Maelfu waliandamana kwenda Mwanza kupeleka malalamiko yao, wakapiga kambi, wakatawanywa na polisi kwa mabomu ya machozi. Hatimaye Serikali ilirudi nyuma, na katika mwaka huo huo TANU ikaruhusiwa tena Usukuma. Naikumbusha habari hii kwa sababu watu wa Geita walilipinga baraza wasilolichagua kabla hata hawajapata kura ya kuchagua.

Kura yenyewe ilikuja kwa mafungu. Ule uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na Jimbo la Ziwa likapiga katika awamu ya pili. Sharti lake lilikuwa la ajabu: kila mpiga kura alipaswa kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na asiyewachagua wote watatu kura yake ilikuwa imeharibika. TANU ilikutana Tabora, Januari 1958, kuamua kama ishiriki au isusie. Mwalimu Nyerere aliwashawishi wajumbe washiriki, na Zuberi Mtemvu akajitenga kwa hasira na kuanzisha chama chake. Kujiandikisha kulihitaji umri wa miaka 21 na mapato ya pauni 150 kwa mwaka, ambazo ni shilingi 3,000, au elimu ya darasa la nane, au kuwa mwenye cheo fulani. Nchi nzima walijiandikisha watu kama 59,000 tu. Bomani aliingia Barazani kwa uchaguzi huo. Mjomba hakupiga kura. Alikuwa na darasa la nne, na shilingi 3,000 kwa mwaka alikuwa hajaziona hata katika ndoto.

Agosti 1960 masharti yalilegezwa. Sasa ilitosha kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au kuwa na mapato ya pauni 75. Wakajiandikisha watu wapatao 885,000, na mjomba akiwa mmoja wao. Alipewa kadi. Aliifunga katika kitambaa na kuiweka chini ya kinu cha marehemu bibi, mahali ambapo mwizi hatafuti. Lakini siku ya kura haikufika kwake. Kati ya viti 71, wagombea wa viti 58 walipita bila kupingwa, na TANU ikapata viti 70. Bomani akateuliwa kuwa Waziri wa Kilimo na Ushirika. Mjomba akabaki na kadi yake. Alipenda kulieleza jambo hilo kama mtu aliyenunua tiketi ya basi, akafika kituoni, akaambiwa abiria wote wamekwisha kufika waendako, naye pia.

Mwaka 1962 Bomani akawa Waziri wa Fedha, akimrithi Sir Ernest Vasey. Fikirini mambo hayo: kijana aliyekuwa karani Mwadui, miaka 17 au 18 baadaye anashika hazina ya nchi. Chini yake nchi iliendelea kujipanga kifedha, na mwaka 1965 ikaamuliwa kwamba Tanzania iachane na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki na kuwa na Benki Kuu yake na fedha yake. Benki Kuu ilifunguliwa Juni 1966, na wakati huo Bomani hakuwa tena katika wizara ile.

Maana kabla ya hapo ilikuja Septemba 1965.

Wadogo zangu, uchaguzi ule haukufanana na huu mnaouona ninyi. Chama kilikuwa kimoja kwa mujibu wa sheria, TANU kwa Bara. Lakini karibu katika kila jimbo wagombea walikuwa wawili. Mkutano wa wilaya wa TANU uliwapigia kura wote walioomba, na Halmashauri Kuu ya Taifa ikawateua wawili wasimame mbele ya wananchi. Walitembea pamoja, wakahutubia katika mkutano mmoja, jukwaa moja, kwa Kiswahili. Ilikuwa mwiko kutaja kabila, dini au rangi. Mgombea hakuruhusiwa kutumia fedha zake kujinadi. Na kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, kila mmoja alipewa alama: huyu Jembe, yule Nyumba. Palikuwa na majimbo 107 ya kuchaguliwa, na watu zaidi ya milioni 3 wakajiandikisha. Sharti la kusoma na la mapato lilikuwa limekwisha. Kila mtu mzima wa miaka 21 aliweza kupiga kura. Bibi akapiga, mjomba akapiga.

Mjomba alikuwa amengoja kwa miaka mitano. Nilipomwuliza kwa nini alimkataa mtu aliyempigania babu yake mizani, hakunijibu upesi. Mara ya kwanza alisema tu kwamba alitaka kuona kama kura inafanya kazi. Likizo iliyofuata, tukiwa tunafunga mizigo ya pamba, akanieleza vizuri zaidi.

Alisema mizani ilikuwa imegeuka tena. Chama chao cha msingi, ambacho sitakitaja jina, kilikuwa na karani, kijana wa pale pale, na mizani ikaanza tena kuwa nyepesi. Kisha yakaja makato: ya chama, ya chama cha juu yake, ya shirikisho, ya bodi, na kila kato lilikuwa na maelezo yaliyoandikwa katika karatasi ambayo mkulima hakupewa. Zamani ukiibiwa ulijua wa kumchukia, na ulijua njia ya kwenda kulalamika kwa akina Bomani. Sasa anayekuibia ni mtoto wa jirani, anafanya kazi katika chama chako, na chama chako ni cha Bomani, na Bomani ni Waziri wa Fedha huko Dar es Salaam anayetoza kodi. Utakwenda kwa nani? Mjomba alisema alikwenda kwenye sanduku la kura.

Bomani akashindwa. Alikuwa mmoja wa mawaziri walioanguka mwaka ule, na wabunge wengi waliokuwa wakitetea viti vyao wakaanguka pamoja nao. Nchi ilishangaa, na wageni waliokuja kuuchunguza uchaguzi wakashangaa zaidi, maana walidhani uchaguzi wa chama kimoja ni mchezo wa kuigiza. Waliotafiti walitoa sababu nyingi, na kubwa miongoni mwake ni hiyo hiyo ya mjomba: manung'uniko juu ya ushirika yalimwangukia mtu aliyeujenga. Hata alama zilijadiliwa, kama Jembe lilimpa mgombea faida mbele ya wakulima. Mjomba aliona huo ni upuuzi mtupu. Kama angetaka kumchagua Bomani angemchagua hata kama angepewa alama ya fisi.

Kwamba lawama zile hazikuwa za kijiji kimoja ilionekana mwaka uliofuata. Mwaka 1966 Rais aliunda kamati maalum kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao nchini. Ikaonekana kwamba baada ya Uhuru ushirika ulikuwa umepanuliwa haraka kupita watu waliokuwako wa kuuendesha. Makarani hawakuwa na mafunzo, mahesabu hayakukaguliwa ipasavyo, wanachama hawakuwa na sauti katika vyama vilivyoitwa vyao. Muda mfupi baadaye Shirikisho la Victoria likabadilishwa na kuwa Chama cha Ushirika cha Nyanza. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote vikafutwa na Serikali, na sheria ya 1982 ikavirudisha. Wakulima wenzangu wa pamba walio wazee wanaijua sehemu hiyo kuliko mimi.

Je, ulikuwa uzembe wa Bomani? Sidhani. Tangu 1960 alikuwa na wizara za kuendesha na hakuwa tena ofisini Mwanza. Lakini nadhani alikuwa na kosa moja, nalo ni kosa la kila mjenzi: aliamini kwamba kitu alichokijenga kwa ajili ya watu kitabaki cha watu hata yeye akiondoka. Wale wapimaji wa kwanza walikuwa na nguvu kwa kuwa walisimama nje ya kituo cha mnunuzi wakimtazama. Mnunuzi alipokuwa chama chenyewe, hakuna aliyesimama nje.

Na sasa nifike mahali ambapo mimi na mjomba hatukupatana mpaka mwisho. Baada ya uchaguzi, Mwalimu Nyerere alitumia uwezo aliopewa na Katiba wa kuteua wabunge, akamteua Bomani kuwa mbunge, na akampa Wizara ya Mambo ya Uchumi na Mipango ya Maendeleo. Fedha ikaenda kwa Amir Jamal. Mimi, nilipolijua jambo hilo nikiwa kidato cha tatu, nilikasirika kwa niaba ya mjomba. Nilimwambia kwamba kura yake ilikuwa imetupwa, kwamba walimtoa mtu kwa mlango wa mbele na Rais akamrudisha kwa dirisha. Mjomba alicheka sana. Alisema yeye hakutaka Bomani afe njaa, wala hakutaka nchi ikose akili yake. Alitaka asiwe mbunge wake, basi. Na hakuwa tena mbunge wake. Aliyekwenda Bungeni kuisemea Mwanza alikuwa mtu mwingine, aliyejua kwamba mkubwa kuliko yeye alikuwa ameng'olewa pale pale.

Bado naona hoja yangu ilikuwa na uzito. Mpiga kura akimkataa mtu, aliyemkataa asionekane kesho yake juu zaidi, la sivyo watu wataanza kujiuliza kura ni ya nini. Lakini nakiri kwamba mimi sikuwa na kadi iliyokaa chini ya kinu kwa miaka mitano.

Miaka iliyofuata niitaje kwa kifupi. Bomani alidumu katika wizara hiyo ya mipango kwa miaka kadhaa, akaenda Biashara na Viwanda, na mwaka 1972 akapelekwa Washington kuwa Balozi wa Tanzania nchini Marekani. Alikaa huko miaka kumi na zaidi, ambayo ni miaka mingi kwa balozi. Aliporudi mwaka 1983 alipewa Wizara ya Madini, na yule karani wa Mwadui akawa msimamizi wa almasi na dhahabu zote za nchi. Nilipokuwa nasoma hapa, walimu wetu hawakulitaja hata siku moja, nadhani kwa sababu hakuna aliyejua kwamba alipita Shinyanga akiwa kijana. Tangu 1993 alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wasomi wa miaka ile walitunukiwa shahada na mtu aliyesoma Ikizu na kujifunza uongozi kwa kuzungukia wakulima.

Alifariki mwaka 2005.

Sisi wa Runzewe nasi tumeiona kura ikifanya kazi tangu hapo. Jimbo letu la Bukombe lilimchagua Profesa Kulikoyela Kahigi wa Chadema mwaka 2010, na mwaka 2015 likamwondoa na kumchagua Doto Biteko wa CCM, aliyekuja kuwa Naibu Waziri Mkuu kuanzia 2023 hadi 2025. Sisemi nani alistahili. Nawataja ili vijana wa mdahalo wasidhani nawapelekea hadithi za kale tu.

Redio ilipotangaza kifo cha Bomani nilikuwa kwa mjomba. Alikuwa mzee sana, macho yamefifia, lakini masikio mazuri. Aliniamuru niongeze sauti. Walipokwisha kusoma habari ile alivua kofia, akaiweka gotini, akaanza kunihesabia vituo vya kununulia pamba ambavyo alimsikia Bomani akihutubia, kimoja kimoja kwa jina la kijiji na la mtu aliyempokea. Ilichukua muda mrefu. Nilimwuliza kama leo angekuwa na kura ile tena mkononi angeipiga vile vile. Alisema ndiyo, vile vile, na kwamba keshokutwa angetaka apelekwe Mwanza mjini kuhani, kama nina nauli ya watu wawili. Nilikuwa nayo. Kisha akaniuliza kama nimekwisha kusikia bei ya pamba ya msimu ule.